Miwani Iliyokataa Kuonekana kwenye Fomu

Kila Jumamosi asubuhi mama alipiga pasi sare za wiki nzima, na Kitindamimba wake akazipanga kabatini. Jumamosi hiyo pasi ilipata moto bure ukutani, sare zikabaki kwenye beseni. Kitindamimba alikaa mbele ya kompyuta, pua ikikaribia kugusa kioo. Miwani yake ilikuwa imepotea kwenye basi, na Jumatatu kulikuwa na mtihani. Bila miwani, ubao kwake ulikuwa ukungu mtupu.

Stendi ya mabasi ilikuwa na tovuti ya vitu vilivyookotwa. Fomu yake ya kutafutia ilikuwa na visanduku saba, na vyote ni lazima vijazwe.

"Kundi la kitu," alisoma. "Nguo, mizigo, mapambo, vifaa vya tiba. Mama, miwani ni nini hapo?"

"Unaniuliza mimi? Weka mapambo, twende."

"Chapa je?"

"Bahatisha!"

"Tarehe ya kupotea?"

Mama aligeuka. "Si ulisema Alhamisi, ukitoka shule?"

Vidole vya Kitindamimba vilisita. "Ndiyo. Alhamisi."

Hakuna kilichopatikana. Akafuta mapambo, akaweka vifaa vya tiba. Hakuna. Akabadilisha chapa. Hakuna tena, na safari hii fomu ikajifuta yote. Mara ya sita akapiga meza ngumi.

"Kompyuta hii haina akili!"

"Haya, ivunje kabisa," mama alifoka. "Tutafute miwani na kompyuta."

Wakati huo shangazi, dada yake baba, aliingia kuazima pasi. Alikuwa karani wa maktaba, na kutafuta ndiyo kazi yake.

"Wifi, mnahangaika na visanduku vya nini? Juu pale pana mstari mtupu wa kutafutia. Mtoto aandike kwa maneno yake, kama anayemweleza mtu."

"Niandike nini, shangazi?"

"Unachokijua. Usichokijua kiache."

Kitindamimba akaandika: miwani ya fremu nyekundu, mkono wa kushoto umefungwa uzi wa bluu.

Ikatokea picha moja tu. Ilikuwa miwani yake, na uzi ule alioufunga mama. Alifungua mdomo kushangilia, kisha akaufunga. Chini ya picha paliandikwa: Imeokotwa Jumanne, saa kumi na moja jioni, basi la uwanja wa mpira.

"Jumanne," mama alisema polepole. "Si ulikuwa kwenye masomo ya ziada?"

"Nilitoroka, mama. Nilikwenda kutazama mechi. Niliogopa kusema."

"Kwa hiyo tangu asubuhi unanizungusha, nagombana na mashine, na tarehe unaijua ni ya uongo!"

"Njia ya mwongo ni fupi," shangazi alisema. "Hii imeishia kituo cha pili."

Mama hakucheka. Alichomoa pasi ukutani.

"Sikiliza. Kundi na chapa tulibahatisha, kwa sababu fomu inalazimisha jibu hata kwa asiyejua. Hilo ni kosa la fomu, na shangazi amekuonyesha dawa yake: eleza kwa maneno yako kile unachokijua. Lakini tarehe uliijua. Hiyo ulidanganya, na uliyemnyima macho ni wewe mwenyewe, siku nne nzima. Sasa vaa viatu tukaichukue. Jumatatu asubuhi wewe mwenyewe utamweleza mwalimu kwamba ulitoroka, na mimi nitakuwa nimesimama mlangoni."

Kitindamimba alivaa viatu bila kubisha.