Picha Mbili za Bibi Ottilie

Haya yalimpata rafiki yangu Traugott, mchongaji wa picha hapa Dresden, mtu asiyeweza hata kumdanganya mkewe.

Mjane mmoja, Bibi Ottilie, alimwagiza picha ndogo ya marehemu mumewe, uso wa upande, itundikwe ikiitazama ya kwake kama wafanyavyo wanandoa wote. Traugott akasahau kwamba kinachochongwa kwenye bamba la shaba hugeuka, kushoto kikawa kulia, kikichapwa karatasini. Mume akatoka ameangalia kwingine.

"Wewe fundi, ulikuwa umelewa? Miaka ishirini alinipa kisogo akiwa hai, na ukutani pia?"

Traugott akachonga upya, akaipeleka jioni moja ya theluji. Bibi Ottilie akapanda kigoda, kitana chake cha pembe kilichokatika jino kikiwa nyweleni, akaitundika mwenyewe.

"Haya, nitazame sasa, mzee."

Mshumaa ukazimika. Gizani ukaanza mkwaruzo, kwaru, kwaru, sauti ya chuma kikichimba shaba, ambayo Traugott angeitambua hata usingizini.

"Acha utani, Traugott!"

"Mikono yangu iko mifukoni, bibi."

Mkwaruzo ukakoma. Traugott akauwasha mshumaa. Mume alikuwa vilevile, akitazama upande wa mkewe. Lakini ile picha ya Bibi Ottilie, iliyochongwa alipokuwa mwari wa miaka kumi na tisa, haikuwa na uso tena. Kilichobaki kilikuwa kisogo, fundo la nywele, na kitana cha pembe kilichokatika jino.