Waya wa Uzio Ulipoacha Kuuma

Walikutana huku kila mmoja ameshika upande wake wa redio moja.

Ilikuwa saa sita mchana, kwenye mtaa wa spea za umeme, pale ambapo spika kumi hupigishwa kwa pamoja na hakuna inayosikika. Redio yenyewe ilikuwa ya mbao, nzito, yenye mshale mwekundu na namba zilizofutika. Upande mmoja ilikamatwa na mwanamume mwembamba, shati limemkaa kama limeshonewa mwilini, tepu ya kupimia imening'inia shingoni. Upande wa pili alikuwepo mwanamke mwenye ovaroli la bluu, mabuti ya mpira, na kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani ambacho hakikuendana na kitu chochote alichovaa na bado kilimpendeza.

"Dada, nimeanza mimi," mwanamume alisema.

"Umeanza kuitazama. Kuishika nimeanza mimi."

"Unaitakia nini? Si simu yako ina redio?"

"Ina FM tu, haina AM, kaka yangu. Hakuna simu yenye AM. Nataka kipande kimoja tu cha ndani, nikarekebishie mtambo. Kazini waliacha kutuletea spea zamani."

"Ukishatoa hicho kipande, redio inabaki?"

"Linabaki sanduku. Utafugia kuku."

Mwanamume hakucheka. "Naitaka kwa ajili ya mama yangu. Anakaa bondeni, chini ya bwawa. Simu kule haishiki. Wakitaka kufungua milango ya bwawa hutangaza redioni saa nne asubuhi, watu wanapanda mlimani na mifugo yao. Redio yake imekufa wiki mbili sasa. Silali."

Mwanamke akaachia upande wake.

"Chukua. Matangazo anayosikiliza mama yako, mimi ndiye ninayeyarusha."

Muuza spea aliyekuwa anawatazama akaona awamalizie kazi. "Huyu tunamwita Fundi Mnara. Na huyu ni Sindano, anashona pale kona. Mmeshajuana, sasa ondokeni, mnanizibia wateja."

Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Fundi Mnara alifanya kazi pembeni kabisa mwa mji, kwenye uwanja wa majani na maji yaliyotuama, ambako mnara mmoja mrefu ulisimama peke yake. Palikuwa na jengo la mtambo, kibanda kidogo chini ya mnara, mlinzi mmoja mzee na uzio wa waya. Zamani walikuwa mafundi kumi na mmoja. Siku ya kwanza Sindano alipomtembelea, alinyoosha mkono ashike waya.

"Usiguse."

Akagusa. Akarudisha mkono akipuliza vidole.

"Nilikwambia. Nguvu ya mnara inapita hadi kwenye waya. Mtambo ukiwa hewani, uzio unauma."

"Hata uzio wako una wivu, mpenzi."

"Nimekuwa mpenzi lini?"

"Tangu ulipoachia redio."

Baada ya hapo mapenzi yao yalihamia kwenye simu. Sindano alikuwa anakanyaga cherehani huku simu ameibana kwa bega. Fundi Mnara alikuwa anatazama mishale ya mtambo huku anatabasamu na ukuta. Kanuni za kazi zilitaka mlio mmoja urushwe kila mara kabla ya matangazo, kuthibitisha kwamba mtambo uko hewani. Saa nne asubuhi Fundi Mnara akaanza kurusha miwili. Wa pili haukuwa wa serikali.

Dereva wa lori la maziwa, aliyetoka bondeni alfajiri kila Jumatatu na Alhamisi na kurudi siku hiyo hiyo, ndiye aliyekuwa posta yao.

"Mama anasema mlio wa pili umefika," alimwambia Sindano, amesimama mlangoni mwa kibanda cha ushonaji. "Anauliza mkwe wake anakula vizuri? Anasema mtu anayekaa na chuma kutwa nzima lazima akonde."

Sindano akampigia mara moja. "Mama anataka unenepe, kipenzi."

"Mwambie akuombee wewe kwanza. Ukigeuka upande nakupoteza."

Walicheka, lakini hofu ilikuwa imeshaingia. Mjini watu wa ofisini walikuwa wanasema AM imekufa. Nani anasikiliza, waliuliza, wakajijibu wenyewe kwamba hakuna. Hawakuwa wamekwenda kumwuliza mlinzi wa shamba, wala mchunga ng'ombe, wala ajuza wa bondeni anayeitundika redio juu ya msumari ili ishike vizuri. Mtu asiyefikiwa na barabara wala simu, akinyamaza huhesabiwa kwamba hayupo. Zahanati ya bondeni ilifungwa namna hiyo. Kwanza dawa ziliacha kupelekwa, halafu wakaja wenye kalamu kuhesabu wagonjwa, wakakuta benchi tupu, wakaandika kwamba watu wa huku wana afya njema. Mama yake Sindano alikuwepo siku ile. Alikuwa amembeba mtoto wa jirani, ana homa.

"Watafunga?" Sindano aliuliza siku moja.

"Wakifunga, mimi ndiye nitakayezima. Nitakwambia kabla sijanyanyua mkono."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, laazizi wangu."

Jumamosi moja Meneja wa redio alileta wageni wawili wenye makoti safi. Wakamwambia Fundi Mnara akapumzike, wanafanya ukaguzi. Aliporudi Jumapili, mishale yote ilikuwa mahali pake na redio ya kusikilizia, iliyofungwa ukutani ndani ya jengo, iliongea vizuri kuliko siku zote. Kwenye kibanda cha chini ya mnara palikuwa na kufuli jipya. Meneja akasema ni usalama.

Alhamisi, dereva wa maziwa hakuwa na utani.

"Redio ya mama imenyamaza tangu Jumamosi. Inakoroma tu."

Sindano akapiga simu. "Mpenzi, mko hewani?"

"Tuko hewani. Naisikia hapa hapa, inaongea."

"Mama hasikii."

"Basi ni betri. Mpelekee betri mpya, utaona."

Akapeleka. Jumatatu dereva akazirudisha betri zile zile ndani ya mfuko. "Mama amesema siyo betri. Majirani nao hawasikii. Na mto umeanza kubadilika rangi."

Mvua ilikuwa inapiga milimani siku ya nne mfululizo. Sindano aliacha koti la mteja likiwa na mkono mmoja, akatoka nje kupiga simu.

"Niambie ukweli. Mmefunga?"

"Sijafunga kitu. Kwa nini huniamini? Nasikia kwa masikio yangu."

"Bonde zima ni viziwi isipokuwa wewe?"

"Unaniita mwongo?"

"Nakuita mfanyakazi. Wamekupa karatasi ya siri ukasaini, ndiyo maana."

Fundi Mnara akasema polepole, "Miaka kumi na tisa nimelinda huu mtambo kwa mikono yangu. Spea nimenunua mwenyewe. Usinipigie tena mpaka ujue unaongea na nani."

Sindano hakupiga. Fundi Mnara naye hakumpigia. Kila saa nne Fundi Mnara alirusha milio miwili, kwa hasira, na redio ya ukutani ikaitika yote miwili.

Alhamisi asubuhi akapata ujumbe mfupi: *Nakwenda kwa mama na lori la maziwa. Betri nimebeba mwenyewe.* Saa nne tangazo likaja kutoka studio, sauti ya msomaji ikiwa kavu kama kawaida: kutokana na mvua, milango ya bwawa itafunguliwa leo saa nane mchana, wakazi wa bondeni wahamie sehemu za juu mara moja.

Fundi Mnara akashukuru kwamba mtambo ni mzima. Halafu akawaza: na kama ni kweli hawasikii? Akatoka nje ampigie Sindano. Simu haikupatikana. Alikuwa ameshaingia bondeni.

Akasimama akitazama uwanja, akijaribu kufikiri. Ndipo akaona shati la mlinzi.

Lilikuwa limeanikwa juu ya waya wa uzio, pamoja na soksi na taulo.

"Mzee," aliita, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Umeanikaje nguo hapo bila kuungua?"

"Hauumi siku hizi, binti yangu. Tangu wale wageni waje. Nilidhani mmeutengeneza."

Alitembea hadi kwenye uzio. Alinyoosha mkono, akaufunga waya ndani ya kiganja chake. Baridi. Chuma tu, kama cha kufungia mbuzi.

Sasa alielewa kufuli lile. Mle kibandani mlikuwa na swichi kubwa, ukiigeuza, nguvu ya mtambo haiendi mnarani. Inaishia kwenye sanduku la majaribio, inageuka kuwa joto. Mishale inasimama pale pale. Na redio iliyo hatua tano kutoka kwenye mtambo inaendelea kusikia, kwa sababu ya ujirani tu. Miaka yote alikuwa akijipimia kwa redio ile ya ukutani. Siku kumi na mbili alikuwa amezitangazia kuta.

Akampigia Meneja.

"Tulitaka kuona kama kuna mtu atalalamika," Meneja alisema, bila haya wala haraka. "Siku zote hizo haijaja hata simu moja. Unaona mwenyewe?"

"Wapige simu na nini? Kule simu haishiki. Bwawa linafunguliwa saa nane."

"Watu wa bwawa wametutumia tangazo, na sisi tumelisoma. Kumbukumbu zipo."

Ndivyo ilivyokuwa. Bwawa lina karatasi kwamba limetoa taarifa, redio ina karatasi kwamba imesoma, karatasi zote mbili zina mihuri, na chini yake kuna bonde limejaa watu wanaopika chakula cha mchana.

Fundi Mnara alikata simu. Alizima mtambo, maana ukigeuza swichi ile umeme ukiwa umepanda unakufa papo hapo. Alichukua nyundo. Pigo la kwanza likapiga ukuta. La nne likang'oa kufuli. Akageuza swichi, akarudi mbio, akaanza kupandisha nguvu taratibu, kama kanuni inavyotaka, huku mwili mzima unamsihi afanye haraka. Nje mlinzi akapiga yowe fupi na kudondosha shati.

Saa tano na nusu.

Bondeni, Sindano alikuwa amepiga magoti mbele ya redio ya mbao. Betri mpya, mkoromo ule ule. Mama yake alikuwa anapepeta mchele.

"Alinidanganya, mama. Nilimpenda, akanidanganya."

"Mtu wa kukudanganya hajisumbui kusalimia mama yako kila siku saa nne," mama alisema. "Acha kuipiga hiyo redio, si punda."

Mkoromo ukakatika ghafla. Ukaja mlio. Halafu mlio wa pili.

Mama akaweka ungo chini. "Huyo."

Sauti iliyofuata haikuwa ya msomaji. Ilikuwa inahema. "Wakazi wa bondeni, milango ya bwawa inafunguliwa saa nane leo. Pandeni sasa hivi, msisubiri. Anayenisikia amwambie asiyenisikia. Sindano, kama uko hapo, mpeleke mama juu. Nilikuwa sijui. Naapa nilikuwa sijui." Akarudia. Alirudia mara ishirini na mbili, mpaka sauti ikakwama.

Walipanda. Wanawake na magodoro, wazee mgongoni, kuku ndani ya mabeseni. Saa nane na nusu walisikia mlima kama unaguna, kisha maji yakapita pale walipokuwa wamekaa, ya rangi ya matofali. Nyumba saba zilikwenda nayo. Watu wote walihesabiwa mlimani, wakahesabiwa tena, maana hakuna aliyeamini hesabu ya kwanza.

Kesho yake alasiri Sindano alifika kwenye lango la uwanja, suruali imeganda tope hadi mapajani. Fundi Mnara alikuwa amekaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, barua ya kufukuzwa kazi mapajani.

"Nimejua naongea na nani," Sindano alisema.

"Umechelewa. Wamenifukuza. Nimevunja mali ya ofisi na nimeongea hewani bila kibali."

"Na mtambo?"

Alimwonyesha uzio kwa kidevu. Sindano akaugusa, kwanza kwa ncha ya kidole, halafu kwa kiganja kizima. Akabaki ameushika muda mrefu.

"Nyumba ya mama imesalia, na amekataa kuhama," alisema. "Anasema amezaliwa pale. Leo saa nne ameiwasha tena redio, akakaa mbele yake."

"Mvua ina miezi miwili bado. Watafungua tena."

"Najua."

Sindano alivua tepu shingoni, akaja nyuma yake, akaizungusha mabegani mwake. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Unafanya nini wewe?"

"Napima. Gauni la harusi halishonwi kwa kukisia."

"Sijakubali."

"Mama amekubali kwa niaba yako."

Fundi Mnara alifuta macho kwa kitambaa chake cha rangi ya chungwa. Alitazama milimani, ambako wingu lilikuwa limekaa tangu asubuhi na halikuwa na mpango wa kuondoka.

"Nakubali. Ila hatukai mjini. Tunahamia pale juu ya bonde, simu inaposhika mwisho. Nitakaa na simu mkononi. Wakitangaza kufungua, msomaji wa studio atanipigia, nami nashuka kuwaambia nyumba kwa nyumba."

"Kutoka pale hadi kwa mama ni saa nzima, mpenzi. Kwa mwendo wa mbio."

"Basi nishonee la kukimbilia."

Sindano akapiga goti kwenye majani yenye maji, akaanza kupima upya, kutoka kiunoni kushuka. Alimwambia apige hatua, ndefu kadiri anavyoweza.