Pigano la Sura ya Tisa

Hatem alizinduka akajikuta amesimama juu ya kochi la Nadra, kochi jeupe, viatu mguuni, ameikaba dalla, lile buli la kahawa, shingoni kama mtu anayetaka kuchinja bata. Mkono wa pili umeshika karatasi za riwaya yake. Watu watano walikuwa wanamtazama, na kahawa ilikuwa imeruka mpaka kwenye pazia.

Mtu aliyehudumia abiria ndegeni miaka ishirini na sita ameshaaibika katika mabara manne, na Hatem alitoka huko na elimu moja tu: ukiaibika, tabasamu, watu wadhani umekusudia. Akatabasamu. Wakampigia makofi.

"Wallahi umesoma mpaka nywele zimenisimama!" alisema Nadra, mwenye kochi. "Pazia nitafua."

Kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri walikutana hapo kwake, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, Maskati, kusomeana walichoandika. Zamu ilikuwa ya Hatem, na riwaya yake ya ufalme wa majini uliofichwa ndani ya mlima. Katika sura ya tisa kuna harusi. Bawabu wa mfalme anawamiminia wageni kahawa, upepo unabamiza mlango, bawabu anakimbilia nyuma ya pazia, wageni wanacheka. Basi. Hivyo ndivyo Hatem alivyoandika. Alichokisoma kilikuwa kingine kabisa: bawabu aliweka dalla chini, akatia komeo mlangoni, akawageukia walinzi arubaini kwa mikono mitupu. Kurasa sita za pigano, na Hatem hakuandika hata neno moja. Kilichomuuma zaidi ni kwamba lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kuandika.

"Mtu yuko harusini anangoja halua, mara ngumi!" alisema Fahd, injinia wa maji. "Sikulitarajia. Linafaa sana."

"Kutotarajiwa si kosa," alisema Bi Noof, aliyefundisha fasihi miaka thelathini na hajawahi kumpa mtu maksi za huruma. "Nnakwambia kosa lake, Hatem. Watu arubaini wanapigana na hakuna hata mmoja anayeumia. Hilo si pigano, mwanangu. Hiyo ngoma."

Angesema kweli pale pale, kwamba si yeye aliyeliandika. Lakini Hatem hakuwa amesifiwa hadharani tangu siku aliyotahiriwa asilie, na sifa ni tamu.

"Nitalitengeneza, Bi Noof."

Nyuma yake, juu ya sinia, vikombe vikagongana vyenyewe mara moja, vikatulia.

Njiani kurudi kwake Sib alilijua kosa lake. Kwao jini la ukoo halitajwi jina. Husemwa "yule Bwana", na bibi yake kule Wete alikuwa akimpikia wali kila mwaka na kumsifu mpaka alfajiri. Familia ilipohamia Maskati wali ukakoma, sifa zikakoma. Na Hatem, alipokosa jina la bawabu wake mwoga, aliliweka lile lile, herufi kwa herufi, akacheka peke yake jikoni. Hapa hatuliandiki. Mara moja imetosha.

Jumatatu, baada ya Adhuhuri, joto lilikuwa limewafungia watu wote ndani. Hatem na mkewe Khawla walijilaza, mapazia yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma. Kwanza ikaja harufu ya kahawa. Nzuri, yenye iliki. Hatem akawaza: nani anapika kahawa saa hizi, na sisi tuko wawili tu? Kisha chini ya iliki ikaja harufu ya nywele zinazoungua, na komeo la mlango likajisukuma, taratibu, kama mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba, na nyayo zikaanza kutembea juu ya vigae, nyayo za mtu mzito aliyelowa, zikazunguka kitanda upande wa Hatem, zikasimama hapo kiasi cha kumtazama vizuri, zikaendelea mpaka upande wa Khawla, na Hatem akataka kuinuka, akataka kusoma Ayatul Kursi aliyoisoma katika kila ndege iliyotikisika, lakini ulimi ulilala kinywani kama nyama ya mtu mwingine, hata kidole hakikusogea, akabaki anaona mkono wa mkewe unainuliwa juu polepole na kitu asichokiona, unakunjwa, unakunjwa, mpaka ukalia kama ukuti mkavu.

"Umeangukaje, mama?" daktari alimuuliza Khawla wakati wa kumfunga plasta.

"Nilikuwa nimelala," alijibu.

Daktari akamtazama Hatem kwa jicho baya, na Hatem akainamisha kichwa.

Nyumbani alifungua sura ya tisa kwenye kompyuta. Ukurasa wa saba ulikuwa umezaliwa: *Akamshika mwanamke aliyelala, akamvunja mkono wa kushoto, ili wasiseme ngoma.*

Akaufuta. Ukarudi. Akazichukua karatasi za riwaya akazichoma uani, asubuhi akazikuta mezani, vuguvugu.

Alhamisi akaja shangazi yake, Bi Masouda, ambaye nusu ya Sib humwita kwa kisomo.

"Umemfanya nini yule Bwana?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Bawabu, shangazi. Mwoga."

"Mwoga! Bibi yako akimwita simba, wewe umemshikisha buli!"

Akamsomea Khawla mpaka sauti ikamkauka. Maji kwenye bilauri yakachemka bila moto. Mwishowe akafunika bilauri kwa kiganja.

"Hatoki kwa kisomo. Anasema kuna mtu alimtia kasoro mbele za watu. Mtu huyo huyo amwambie sasa pigano linafaa, naye ataondoka."

"Nampigia simu Bi Noof sasa hivi, nimbembeleze."

"Thubutu! Sifa ya kuombewa kwake ni tusi. Ukimnong'oneza neno moja tu, atammaliza mkeo siku hiyo hiyo. Itoke moyoni mwake, au isitoke."

"Na isipotoka?"

Bi Masouda alimtazama Khawla, akaanza kuvaa buibui lake.

Jumamosi Hatem alikwenda na mkewe. Kumwacha peke yake asingeweza.

"Sura nane zote hukuniweka hata kwenye mstari," Khawla alimnong'oneza garini. "Nimengoja miaka, kumbe ndiyo hii." Akajaribu kucheka, na Hatem akajaribu kumsaidia.

Kwa Nadra wakampa Khawla pole ya mkono, wakakaa. Hatem alisoma. Safari hii hakupanda kochi. Alisoma kama mtuhumiwa anayesomewa mashtaka yake mwenyewe, na alipofika penye mkono uliovunjwa Fahd akaguna, Nadra akaziba mdomo.

"Hapa umenipata," alisema Nadra.

"Mimi pia," alisema Fahd.

Bi Noof alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. Kahawa ilikuwa haijapikwa siku ile, lakini iliki ilianza kunukia sebuleni, na chini yake ile harufu ya pili. Khawla akamshika Hatem mkono kwa mkono wake mzima, akaukaza.

Hatem akafungua kinywa aseme chochote, mzaha wowote. Ulimi ulikuwa umelala. Akamtazama Bi Noof kwa macho tu, kama abiria anavyomtazama mhudumu ndege inapoanguka.

"Je, Bi Noof?" aliuliza Nadra. "Sasa linafaa?"

"Halifai," alisema Bi Noof. "Yule mwanamke alitakiwa afe."