Rangi ya Shangazi Basilia Ilivyotoroka

Jamani, sogeeni niwape hii, nikiendelea kuibana nitapasuka!

Jumapili ile kwa shangazi Basilia, hapa La Paz, ilikuwa raha tupu. Supu ya chairo inachemka, mjomba Fulgencio anasinzia, shangazi anapiga brashi kofia yake huku anaimba. Mwaka huu wao ndio wenyeji wa kikundi chetu cha ngoma ya morenada kwenye sikukuu ya Gran Poder. Na mwenyeji ndiye anayechagua rangi ya sketi na shali za wachezaji wanawake wote, rangi isiyoonekana mpaka siku yenyewe ya kucheza. Ikivuja, kikundi kingine kinatangulia kuivaa, na wewe unakuwa kichekesho cha mtaa.

Simu ikalia. Doña Eduviges, mwenyeji wa kikundi cha mtaa wa juu.

"Shoga, nasikia zambarau imekukaa!" Akacheka, akakata.

Kofia ikamdondoka shangazi. "Nani kamwambia? Nani?"

Macho yote kwa binamu yangu Limbert. Yeye ndiye aliyeweka picha za sketi kwenye tovuti ili wachezaji wetu wazione, eti kwa neno la siri.

"Mama, haiwezekani! Bila neno la siri huingii!"

"Neno lenyewe linakaguliwa wapi?" nikamuuliza.

"Si hapohapo kwenye ukurasa! Nimeandika skripti kali, programu ndogo ya ukurasa wenyewe, hata kunakili picha nimezuia."

Mwenzenu nikatoa simu, nikaingia kwenye mipangilio ya kivinjari, nikazima skripti, nikafungua ukurasa. Haukuniuliza chochote! Picha zote hizo hapo, zambarau na nyuzi za fedha.

"Uchawi," mjomba akasema, usingizi umekwisha.

"Uchawi wapi, mjomba! Picha zinaletwa kwenye simu ya mtu kabla hata hajaulizwa. Limbert kamtuma mlinzi nyumbani kwa mwizi, na mzigo kambebesha huyohuyo mlinzi!"

"Chuo kimekupa mdomo," Limbert akanuna.

"Nyamaza!" shangazi akamfokea. Machozi yanamlengalenga. "Nitapita wapi mimi?"

"Shangazi, kitambaa kimeshakatwa?"

"Bado."

"Basi waachie zambarau yao."

Akanitazama. Halafu, jamani, akatabasamu!

Akachagua rangi ya chungwa. Picha mpya tukazifungia kwenye seva, ile kompyuta inayotunza tovuti yenyewe: kila mchezaji na neno lake, na seva haitoi hata picha moja kabla haijamkagua. Zile za zambarau? Tukaziacha palepale.

Siku ya sikukuu kikundi cha Doña Eduviges kilitangulia, zambarau kuanzia mbele mpaka nyuma. Yeye akasimama pembeni kutusubiri, kicheko tayari mdomoni. Sisi hao, tukateremka kama moto! Shangazi akazungusha sketi mbele yake.

"Shoga," akamwambia, "kweli zambarau imekukaa!"

FUNZO

Wenzangu wenye maduka, shule na vikundi, nisikilizeni. Skripti inayoendeshwa kwenye simu ya mgeni iko mikononi mwa mgeni. Ataizima, ataisoma, ataibadilisha. Itumieni kumsaidia, labda kumkumbusha kwamba hajajaza jina. Kumzuia, haiwezi. Kitu cha siri kisitoke kwenye seva kabla seva haijajua anayekiomba ni nani. Sisi tulikuwa na kitambaa ambacho hakijakatwa. Wewe je, siri yako ikitoka, utabadilisha nini?