Maji Nyuma ya Ibtihal

Asubuhi ya kwanza baada ya Ibtihal kuondoka, kleicha zilikuwa hazina chumvi.

Jambo dogo, utasema. Lakini katika kiwanda cha Mama Ghazwan, chumba kimoja tu cha chini ya nyumba yake nyuma ya soko la nafaka hapa Mosul, biskuti za tende hazijawahi kukosa chumvi tangu enzi za mama mkwe wake. Wijdan, aliyekuwa hajamaliza hata mwezi kazini, alisukuma mlango akakuta sinia limejaa, limefunikwa kitambaa, na kleicha bado za moto. Aliuma moja. Ilikuwa kama kutafuna pamba. Akaigeuza mkononi, akaona na jambo la pili: tende ilikuwa imekunjwa kinyume, upande ambao mkono wa mwokaji haukunji.

"Mama Ghazwan, umekesha ukioka?" aliita kutoka chini ya ngazi.

"Nikeshe na magoti haya? Acha mizaha asubuhi. Si wewe uliyeoka?"

"Mimi ndiyo kwanza naingia."

Mwenye kiwanda akashuka ameshika ukuta, akaonja, akatafuna polepole huku akiutazama mlango. Kisha akasema, "Zinyunyizie sukari, uziuze. Kutupa chakula ni dhambi."

Watu wa Baghdad hutucheka sisi wa Mosul kwa ubahili, na mimi sina la kuwajibu, maana ni ubahili huohuo ulioleta msiba huu.

Ibtihal alikuwa binti wa Mama Ghazwan, mtoto pekee aliyembakia baada ya Ghazwan kufariki. Alikuwa ameolewa na kijana wa mtaa aliyehamia Uswidi, na karatasi zake zilipotoka, ikabidi atafutwe mtu wa kushika nafasi yake mezani. Akapatikana Wijdan. Huyu alikuwa ameachwa na mumewe na kurudi kwa kaka yake, ambako wifi alimhesabia matonge. Kazi ile ndiyo iliyomfanya aweze kuinua uso mbele ya sahani.

Ibtihal alimfundisha kwa matusi na vicheko. "We, mbona unaubembeleza unga kama mtoto wa watu? Ukande! Unakudai huo!" Kila alipomaliza kusukuma unga aligonga fimbo ya kusukumia kwenye ukingo wa meza, ko-ko, kuikung'uta. Wijdan aliposhindwa kukunja, alimfunika mikono kwa mikono yake na kukunja naye. Tangu talaka yake hakuna mtu aliyekuwa amemgusa kwa upole namna ile. Kwa siku zile chache alimpenda kama ndugu wa tumbo moja, kisha ikabidi amuage.

Waliagana magharibi, teksi ya kwenda uwanja wa ndege wa Erbil ikipiga honi. Mama Ghazwan aliinua msahafu mlangoni, binti akapita chini yake, akaubusu. Yakabaki maji. Kwetu msafiri humwagiwa maji nyuma yake, aende na arudi salama. Lakini bomba lilikuwa kavu tangu jana yake, na Wijdan alipokimbilia tangi, Mama Ghazwan, machozi yakimtiririka, bado alikumbuka kupiga kelele: "Sio ya tangi! Ya tangi ni ya unga!"

Basi Wijdan akanyakua birika la chai jikoni. Maji yake yalikuwa bado yanatokota. Akayamwaga yote kizingitini huku analia, "Ibtihal, nenda urudi! Ibtihal, rudi!"

Hakusema bismillahi. Mtoto yeyote wa hapa anajua kwamba maji ya moto hayamwagwi chini bila jina la Mungu, hasa kizingitini, hasa magharibi, kwa sababu tusiowaona nao wana makazi. Mvuke ulipanda. Ndani ya mvuke ikasikika sauti nyembamba, kama paka aliyekanyagwa. Wijdan alidhani ni paka.

Baada ya zile kleicha zisizo na chumvi, mambo yakaja kimyakimya. Asubuhi, kabla hajafungua mlango, Wijdan alisikia ndani ko-ko, ko-ko, na alipoingia hapakuwa na mtu. Aproni ya Ibtihal ilikutwa mbichi msumarini. Chini ya harufu ya iliki kulikuwa na harufu nyingine, ya nywele zilizoungua, na kadiri tanuri lilivyopata moto ndivyo ilivyozidi. Mgeni yule hakungoja siku ya tatu apewe jembe. Alikuja na kazi yake mkononi.

Kilichomtisha Wijdan zaidi ni Mama Ghazwan. Mwanamke aliyekuwa akilia hadi juzi, sasa anashuka mapema, wanja machoni, anamimina chai katika vikombe vitatu.

"Cha tatu cha nani, mama?"

"Kunywa chako."

Kisha Ibtihal akapiga simu, akaomba kuongea na Wijdan peke yake.

"Shoga, usimwambie mama. Naumwa."

"Una nini?"

"Sijui. Naamka nimechoka kama niliyesimama mbele ya tanuri mchana kutwa. Nina unga chini ya kucha, Wijdan! Nimetoa wapi unga? Na miguu imetoka malengelenge. Daktari anasema nimeungua na maji ya moto. Nimeungulia wapi, na huku theluji imefika dirishani?"

  Wijdan aliliona birika mkononi mwake tena, na mvuke, na akaelewa kwamba aliyemwita siye aliyekuja.

Alimwambia Mama Ghazwan hivyohivyo, na yule mama akasema tu, "Ni baridi. Hajazoea," huku akiangalia pembeni.

Alasiri ya siku hiyo Wijdan alifika nusu ya njia ya kwenda kwao, akakumbuka amesahau shali, akarudi, akasukuma mlango taratibu kwa kuwa alidhani mama amelala, na pale karibu na tanuri, kwenye mwanga wa jua lililopita dirishani, akamwona Mama Ghazwan ameketi na chanuo mkononi, akimchana nywele msichana aliyempa mgongo, msichana mwenye mabega ya Ibtihal na aproni ya Ibtihal, na kila chanuo lilipopita nywele zilitoa moshi mwembamba, na yule mama alikuwa akiimba wimbo wa kubembelezea watoto, na chini ya kigoda miguu ya yule msichana ilikuwa imebabuka, ngozi yake imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, ikidondosha maji sakafuni, na maji hayo yalikuwa yanafuka.

Kitu kile kikageuka. Uso ulikuwa wa Ibtihal, haukukosa kitu.

"Wijdan, shoga," kikasema kwa upole. "Mbona unatetemeka? Si wewe uliyeniita?"

Alikimbia bila shali hadi kwa Maalim Dhannun, mzee anayetengeneza saa karibu na msikiti na kusomea wagonjwa. Alimsimulia kwa kunong'ona. Maalim aliweka koleo lake chini.

"Ulisema bismillahi?"

Wijdan akainamisha kichwa.

"Maji yakimwagika hayazoleki, binti yangu. Ulimchoma mmoja wa tusiowaona, yeye na mwanawe, na papo hapo ukalia jina na kusema rudi. Amelichukua jina, anarudi kwalo. Na jina halivaliwi na wawili. Huyu akizidi kukaa, yule atakwisha."

"Niambie la kufanya. Lolote, maalim, hata kama ni roho yangu."

"Roho yako haina mnunuzi. Mgeni usiyemtaka arudi unamfanyia nini?"

"Tunavunja gudulia nyuma yake."

"Basi. Aliyeita ndiye avunje. Lakini ujue, gudulia likivunjwa kwa jina, jina zima haliwezi kurudi mlangoni hapo, si huyu wala si yule. Mwambie mama yake. Usimfiche."

Alimwambia, na Mama Ghazwan akamtukana. Akamwita mwanga, akamwita tasa mwenye wivu, akasema, "Uchungu wa mwana unaujua wewe?" Wijdan alivumilia. Simu ndiyo iliyomjibia. Mkwe alipiga kutoka hospitalini akilia: Ibtihal hajitambui tangu asubuhi, miguu imebabuka hadi magotini. Wijdan alimwekea mama ile simu sikioni, akamsikilizisha pumzi za binti yake zilivyokuwa zinakatika. Mama Ghazwan akakaa chini sakafuni. Baadaye akasema, "Leta chumvi."

Magharibi Maalim Dhannun alisimama mlangoni akisoma. Mama akanyunyiza chumvi, ambayo tusiowaona hawaigusi, kuanzia tanuri kwenda nje, na kile kitu kikarudi nyuma mbele yake hatua kwa hatua, kikilia kwa sauti ya Ibtihal ya utotoni. "Mama, nimekosa nini? Mama, nje kuna giza. Umemzika Ghazwan, na mimi unanifukuza?" Mama Ghazwan aliuma ukaya wake wa kichwani hadi fizi zikatoka damu, lakini mkono wake haukuacha kunyunyiza. Kilipovuka kizingiti Wijdan akasema bismillahi, akainua gudulia la maji ya kunywa, akalipasua pale pale.

"Ibtihal, usirudi!"

Harufu ya nywele ikatoka chumbani kama moshi unaovutwa na upepo. Maalim akaagiza vigae vyote vikatupwe mtoni Hidekeli.

"Nitavipeleka mwenyewe," alisema Mama Ghazwan.

Kesho yake Ibtihal aliamka akaomba supu. Baada ya wiki chache alicheka kwenye simu. "Mama, Idi nakuja!" Mama akamjibu, "Njoo, mwanangu, nitakuokea." Wijdan alikuwa anasukuma unga, hakuthubutu kuinua macho.

Idi ilipita. Kwanza pasipoti ilipotea, kisha ndege ikaahirishwa, kisha Ibtihal akapata ujauzito na daktari akamkataza safari. Mama Ghazwan hakulalamika. Alikonda tu. Jioni alikaa kizingitini akikipapasa kwa kiganja. Wijdan alimfulia, alimpikia, alimkanda magoti. Kazi aliimudu sasa. Hata wifi yake alianza kumkaribisha mezani. Alijiona kama mwizi anayesifiwa uaminifu.

Mpaka asubuhi moja alipouma kleicha, na haikuwa na chumvi.

Alisimama akiitazama ile tende iliyokunjwa kinyume. Kisha akaingia stoo, akavuta magunia ya unga moja baada ya jingine, na nyuma yake, rafuni, akalikuta gudulia. Vigae vyote vilikuwa vimeunganishwa kwa unga uliokandwa, unga ukaokwa pamoja navyo hadi ukawa mgumu, kwa subira ya mikono iliyokunja kleicha maisha yake yote. Ndani mlikuwa na maji. Aligusa ubavu wake akarudisha mkono upesi. Lilikuwa la moto.

Simu yake ikalia.

"Wijdan," Ibtihal alisema, akihema. "Miguu inaungua tena. Na tumbo, Wijdan. Tumbo la moto. Mtoto hachezi."

Wijdan akalishika gudulia kwa upindo wa aproni. Alipogeuka, Mama Ghazwan alikuwa mlangoni mwa stoo.

"Liweke chini, binti yangu."

"Mama, anaungua! Na mjukuu wako! Msikie mwenyewe."

"Namsikia. Kila siku namsikia. Yule ni sauti tu, Wijdan, nimebakiziwa sauti. Huyu ananishika mkono." Akapiga magoti, magoti yale mabovu, juu ya unga uliomwagika. "Siku chache tu. Ibtihal ni kijana, atavumilia. Mimi nimebakiza miaka mingapi? Nakuomba, mwanangu. Nakuomba."

"Siwezi, mama."

"Basi ukilivunja, kesho usije. Wala keshokutwa. Usinijie tena humu."

Wijdan akaona sahani ya wifi yake, na macho yanayofuata tonge. Kwenye simu Ibtihal akasema kwa shida, "Wijdan, shoga, bado upo?" Na nyuma ya Mama Ghazwan, kutoka upande wa tanuri, sauti ileile, na pumzi ileile, ikasema, "Wijdan, shoga, bado upo?" Kisha fimbo ikagonga ukingo wa meza, ko-ko.

"Bismillahi," alisema Wijdan, akaliachia gudulia.

Maji yalitawanyika yakifuka. Kule mezani kukawa kimya. Katika simu alisikia mtu akivuta pumzi ndefu, kama aliyeibuka kutoka majini.

"Imeacha," Ibtihal alinong'ona. "Ee Mola, amecheza. Mtoto amecheza! Wijdan, ilikuwa nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa nakuaga. Safari ile sikukuaga vizuri." Machozi yalimfika mdomoni. "Kaa huko, unanisikia? Ukiitwa usije, hata ukiitwa na mama. Kwaheri, Ibtihal."

Aliokota vigae, vyote alivyoviona, akavifunga ndani ya aproni yake avipeleke mtoni mwenyewe. Mama Ghazwan alibaki amepiga magoti, uso ukutani, hakuitikia salamu. Wijdan akavuka kizingiti kwa bismillahi, na hakuna aliyemmwagia maji nyuma yake.

Alikuwa akivaa viatu barazani aliposikia, nyuma ya mlango uliofungwa, kiberiti kikiwashwa, kisha birika likitua juu ya jiko.