Wifi Yangu Kaingia Bodi

Mimi nafunga magazeti kiwandani. Kampuni ya gazeti tunalochapa ni yetu sisi wafanyakazi. Kila mmoja ana hisa na kura moja, awe mhariri au mfagizi. Kila mwaka tunachagua bodi ya watu watano.

Mwaka huu kachaguliwa wifi yangu, mpangaji wa kurasa. Wivu ulinikaba, sifichi. Mimi nina miaka kumi na miwili pale, yeye mitatu, na kazi nilimtafutia mimi mwenyewe.

“Dada yangu sasa mkubwa,” mume wangu alijigamba mezani. Nikasonya.

Wiki hiyohiyo kinga ya mashine ya kukatia karatasi ikavunjika. Kisu kikabaki wazi. Meneja akasema tusubiri.

“Mwambie wifi yako,” wenzangu walinisihi.

“Nikambembeleze yule? Thubutu.”

Nikanyamaza wiki tatu. Kisu kikamkata mwenzangu kidole.

Mzee msahihishaji alinikuta nalia stoo. Nikamweleza yote.

“Nani kakwambia ubembeleze?” aliuliza. “Bodi tumeituma sisi. Wanachama kumi wakitia saini, mkutano unaitishwa. Mkutano ukipitisha hoja, bodi inamwagiza meneja, naye anatekeleza.”

“Kwa hiyo wifi si bosi wangu?”

“Hata kidogo. Hawezi kuja hapa kukuamuru. Wewe nawe huwezi kumwamuru mhariri aandike nini. Kazini kila mtu ana msimamizi wake. Mkutanoni sote ni wenye mali.”

Nilizunguka na karatasi kutafuta saini. Siku ya mkutano nikasimama, nikasoma hoja yetu: kinga itengenezwe mara moja. Mikono ikanyooshwa ukumbi mzima. Wifi alinyoosha wake, ukahesabiwa mmoja, kama wangu.

Kisha akaniuliza, “Wifi, tunaonana kila Jumapili. Mbona hukuniambia?”

“Nilikuonea wivu.”

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Siku ya pili yake fundi alifunga kinga mpya. Sasa bodi inapita kiwandani kila mwezi kutusikiliza, na meneja analeta ripoti ya usalama.

Wivu haujaniisha, nisiwadanganye. Mwakani nagombea. Nilikwenda kumwomba kura mwenzangu, ambaye kidole chake bado hakikunjiki.

“Nitakupa,” alisema. “Lakini safari hii ukiona jambo, sema siku hiyohiyo.”

Nikamsaidia kufunga magazeti yake.