Chiriku na Mashua ya Uani

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala chakula alichofunikiwa jikoni, akaosha sahani yake, kisha akaenda uani kumsaidia baba yake kuunda mashua. Jina la Chiriku alipewa kwa kuropoka. Zamani ungemsikia kabla hujamwona. Lakini tangu mama yake afariki, hata salamu aliitikia kwa shida. Halii, hacheki, hagombani na mtu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi.

Mama ndiye aliyetaka mashua yenye tanga, wawe wanatembea ziwani siku za mapumziko. Baba, seremala wa vitanda na makabati, aliona afadhali aimalize kuliko kukaa akitazama ukuta.

"Nyufa za chini nakuachia wewe," alimwambia binti yake. "Sindilia pamba yenye mafuta mpaka igome kuingia. Rangi baadaye."

Chiriku alisindilia upande wa kulia. Upande wa kushoto akachoka, akapaka rangi nzito juu ya nyufa tupu. Hazikuonekana ng'o!

"Umemaliza pamba?"

"Nimemaliza, baba."

Alidanganya bila hata moyo kumdunda.

Siku ya kuishusha mashua majini, majirani walijaa ufukweni. Shangazi, ambaye ulimi wake haulali, alipaza sauti: "Kaka, hiyo ni mashua au kabati lenye tanga?"

Watu wakaangua kicheko. Hata baba alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akakunja suruali, akaisukuma mashua majini, akainua mguu apande. Naye, jamani, kuogelea hajui!

Chiriku aliutazama mguu ule. "Baba, usipande! Upande wa kushoto sikutia pamba. Nilikudanganya."

Kicheko kilikatika. Maji yalikuwa yameshaanza kuchuruzika ndani.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Sikujali, baba. Tangu mama aondoke, sijali kitu chochote."

Baba akaketi mchangani. "Hata mimi," alisema taratibu. "Mikono inafanya kazi, mwenyewe sipo."

Walikwangua rangi ile yote, wakasindilia pamba pamoja. Juma lililofuata waliiacha mashua majini asubuhi nzima, ndani ikabaki kavu. Ndipo wakapanda wote wawili. Tanga likajaa upepo, na shangazi akapiga vigelegele vya kupasua masikio.

"Umefurahi?" baba aliuliza.

Ingekuwa rahisi kujibu ndiyo. "Bado, baba."

"Umenijibu vizuri. Moyo kufa ganzi si kosa, mwanangu. Lakini ukinificha, nitakusaidiaje? Na kazi ya mtu anayeficha huja kuwadhuru wenzake. Ukichoka, sema umechoka. Ukiwa huna furaha, sema huna."

"Na wewe, umefurahi?"

"Kidogo sana," baba alisema, akasogea ili binti yake akae karibu.